Nyonga bandia ya mama imelegea mapema: tumdai nani?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni kijana wa Tandahimba. Mama yangu ana miaka 63. Alianguka akitoka shambani, akavunjika shingo ya nyonga, tukampeleka Dar es Salaam akawekewa nyonga bandia katika hospitali moja huko. Sasa imepita miaka miwili na miezi minne. Mwaka wa kwanza alitembea vizuri, hata kuokota korosho alirudi. Kisha yakaanza maumivu ya kinena, na akiinuka nyonga inalia kama bawaba iliyokosa mafuta. Mwezi uliopita daktari wa mifupa aliyemwona Mtwara alitazama eksirei akasema kikombe kimelegea na plastiki ya ndani imelika upande mmoja, itabidi apasuliwe tena. Akaongeza, "Hii ni mapema mno." Upasuaji wa kwanza tuliulipia kwa korosho za misimu miwili. Rafiki yangu amesoma kwamba huko Marekani watu wa namna hii walilipwa mabilioni. Je, mama anaweza kudai? Na anamdai daktari, hospitali au kiwanda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole, na mwambie asiache gongo lake hata siku maumivu yakipoa, maana nyonga iliyolegea ikichomoka mtaanza gharama upya.

Kwa kifupi, ndiyo, mama anaweza kudai, na wa kudaiwa wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Lakini kwa hayo uliyoniandikia, leo hii hamna kesi. Mna maumivu, mna picha ya eksirei na mna kauli ya daktari kwamba ni mapema mno. Kinachokosekana ni kikaratasi chenye ukubwa wa vidole viwili, na ndicho nitakachokisemea kwanza. Wengi wanaofika ofisini kwangu hukikumbuka mwisho, baada ya kugombana na kila mtu.

Nyonga bandia haiji ikiwa kitu kimoja. Kwa kawaida huwa na vipande vinne: shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya shina, kikombe cha chuma kinachoshikizwa kwenye mfupa wa nyonga, na bitana ya plastiki ngumu ndani ya kikombe hicho. (Vitabuni huitwa kipandikizi. Huku kwetu ukisema mama ana kipandikizi watu watadhani ni uzazi wa mpango, na akina mama wenyewe husema tu "chuma", kwa hiyo nami nitafuata lugha ya nyumbani.) Kila kipande huja ndani ya boksi lake, na ndani ya boksi kuna stika kadhaa zenye jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa, ukubwa, namba ya toleo (yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho ya kutumika. Chumba cha upasuaji kinachofuata utaratibu hubandua stika moja ya kila kipande na kuibandika kwenye karatasi ya ripoti ya upasuaji, ndani ya faili la mgonjwa.

Wewe mtu wa Tandahimba sina haja ya kukufafanulia sana. Mkulima hawezi kwenda chama cha msingi kulalamika kwamba korosho zake zimepungua uzito ghalani huku hana stakabadhi mkononi. Atasikilizwa, atapewa pole, atarudi nyumbani. Stika zile ndizo stakabadhi ghalani ya mama. Bila hizo unajua kwamba ana chuma mwilini, lakini hujui ni chuma cha nani, cha kundi lipi, kilichoingizwa nchini na nani.

Nikupe mfano uone kwa nini naling'ang'ania jambo hili. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Exactech ilianza mwaka 2021 kurudisha kutoka sokoni bitana zake za plastiki, kisha Februari 2022 ikapanua zoezi hilo likagusa magoti na vifundo vya miguu vilivyotengenezwa tangu 2004. Kosa halikuwa kwenye chuma. Plastiki yenyewe ilitengenezwa sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye mfuko wa kufungashia: ulikosa tabaka moja la kuzuia oksijeni. Boksi likikaa rafuni, hewa hupenya polepole, plastiki inachakaa kabla haijaingia mwilini mwa mtu, na ikishaingia inalika haraka na kuvunjikavunjika. Daktari bingwa kabisa akilifungua boksi lile haoni kitu, na eksirei haiwezi kukwambia kwamba mfuko ulikuwa mbovu. Kinachokwambia ni namba ya toleo peke yake, ukiilinganisha na orodha ya matoleo yaliyorudishwa. Sisemi mama ana chuma cha kampuni hiyo. Nasema dalili alizonazo, za plastiki kulika mapema upande mmoja, zinaweza kutokana na kosa la kiwandani kama lile, na zinaweza pia kutokana na kikombe kuwekwa kikiwa kimeinama vibaya. Hizo ni kesi mbili tofauti, na wadaiwa wake ni tofauti.

Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo mawakili wa upande wa pili watakaposimama. Nyonga bandia hulegea kwa sababu nyingi. Vijidudu vikiingia kwenye kiungo huilegeza, na maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za kuharibika mapema. Mgonjwa akianguka tena huilegeza. Mfupa wenyewe ukiwa dhaifu kwa umri haushiki vizuri. Daktari akikosea pembe, uzito wote unaangukia ukingo mmoja wa plastiki. Na mwisho ndipo linakuja kosa la chuma chenyewe: ama kimebuniwa vibaya tangu mwanzo, ama kimebuniwa vizuri lakini toleo fulani likaharibika kiwandani, ama mtengenezaji alijua hatari akanyamaza. Kauli ya "mapema mno" inasaidia, na ina msingi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa wa nchi kadhaa, ulionesha kwamba takribani nyonga bandia 89 kati ya 100 huwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 15. Kwa hiyo iliyokufa ndani ya miaka miwili ina haki ya kuulizwa maswali. Ila kuulizwa maswali hakutoshi kuthibitisha, na mahakamani anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Kwa hiyo daktari wa Mtwara asiishie kuandika "loose" kwenye kadi. Mwombeni ripoti iliyoandikwa kwa sentensi kamili: ameona nini kwenye picha, kikombe kimekaa kwa pembe gani, kama ametafuta maambukizi kwa kipimo cha damu na kwa kuvuta maji ya kwenye kiungo, na kwa maoni yake nini kimesababisha. Kama maji yakionesha vijidudu, habari ya kiwanda karibu imekwisha, tutazungumza habari nyingine. Kama ni safi na pembe ni nzuri, jicho linahamia kwenye plastiki. Na kama stika zikionesha kwamba kichwa na kikombe vyote ni chuma kwa chuma bila plastiki kati yake, aongeze kipimo cha kobalti na kromiamu kwenye damu, kwa sababu vyuma vikisagana huachia chembe zinazoua nyama iliyo jirani. Kwa mama, kwa kuwa plastiki imeonekana, sidhani kama hilo linamhusu.

Sasa nije kwa rafiki yako na mabilioni yake. Hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Nyonga aliyoisoma bila shaka ni ile iliyoitwa ASR ya kampuni ya DePuy, iliyo chini ya Johnson & Johnson. Ilikuwa ya chuma kwa chuma. Iliondolewa sokoni duniani Agosti 2010, ikiwa imeshawekwa kwa watu wapatao 93,000. Waliomfunga paka kengele walikuwa watunza kumbukumbu: daftari la taifa la viungo bandia la Uingereza na Wales lilionesha kwamba ndani ya miaka mitano, kati ya 12 na 13 katika kila 100 walikuwa wamelazimika kupasuliwa tena. Novemba 2013 kampuni ilikubali kulipa takribani dola bilioni 2.5 kwa wagonjwa wapatao 8,000. Lakini mpango huo uliwahusu wagonjwa wa Marekani, chini ya sheria zao, na mawakili wao walikata sehemu yao humo humo. Mtu wa India mwenye chuma kile kile hakuwa kwenye orodha. Wahindi walihangaika miaka mingi mpaka serikali yao ikaunda kamati, na mwaka 2018 ikapitisha kiwango cha fidia kuanzia rupia milioni 3 hadi milioni 12.3 kwa mgonjwa kulingana na umri na ulemavu. Nakutajia India makusudi, kwa kuwa wapo Watanzania wengi wanaopelekwa huko kutibiwa. Aliyewekewa chuma India atafute haki yake kwanza kwa njia za India.

Na usidhani kila kesi ya chuma hushinda. Mwaka huo huo wa 2018, Mahakama Kuu ya London iliamua shauri la wagonjwa 312 waliokuwa na nyonga nyingine ya DePuy, iitwayo Pinnacle, nayo ya chuma kwa chuma. Walishindwa. Jaji alisema nyonga kuharibika hakutoshi. Lazima ioneshwe kwamba ilikuwa chini ya kiwango cha usalama ambacho watu walikuwa na haki ya kukitarajia wakati inaingia sokoni. Walikuwa na mawakili wazuri na wataalamu wengi, na bado walishindwa. Nakwambia hili ili usije ukauza shamba kwa ajili ya kesi.

Tumdai nani, basi? Hapa Tanzania hatuna sheria moja iliyokusanya madai yote ya vitu vibovu. Tunaokoteza kutoka sehemu kadhaa, na kila sehemu ina faida yake.

Ya kwanza ni uzembe. Msingi wake tumeurithi kwa Waingereza, kwenye ile kesi ya mwaka 1932 ya mama aliyekunywa soda iliyokuwa na konokono mjini Paisley, Scotland: mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawakuwahi kuuziana ana kwa ana. Mahakama zetu huutumia mpaka leo. Kwa njia hii unaweza kumfikia mtengenezaji, mwagizaji aliyekileta nchini, hospitali, na daktari kama kosa ni la pembe. Ubaya wake ni mawili: lazima uoneshe uzembe wenyewe, na muda wa kufungua dai ni miaka mitatu.

Ya pili ni mkataba, na hii watu huisahau. Mlilipa. Mara nyingi hospitali hutoza chuma peke yake, mbali na kitanda na upasuaji, na risiti yake huwa imeandikwa hivyo. Kama mama, au nyinyi kwa niaba yake, mlinunua chuma kwa hospitali au duka la dawa la hospitali, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inaweka ndani ya mauzo hayo sharti ambalo halikuandikwa popote: bidhaa iwe ya ubora unaostahili na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Hapa huna haja ya kuthibitisha kwamba mtu alizembea. Muuzaji aliuza kitu kisichofaa, basi. Na muda wa madai ya mkataba ni miaka sita. Ningekuwa wakili wenu, hoja hii isingekosa kwenye hati ya madai. Risiti ile ya chuma itafute hata ukipekua sanduku la mama mpaka chini. Kama ni bima iliyolipa, mambo yanakuwa na kona zaidi, lakini fomu za madai zilizokwenda bima nazo ni ushahidi wa nini kilitumika.

Ya tatu ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pamoja na mambo ya biashara ina sehemu za kumlinda mlaji dhidi ya bidhaa zisizo salama, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Ni mlango wa kubisha, hasa kama mtabaini kwamba mgonjwa si mama peke yake. Sitaurefusha.

Muda sasa. Nimekwambia miaka mitatu kwa uzembe, nawe umeniambia miaka miwili na miezi minne imepita. Mtu anaweza kubishana kwamba saa ianze kuhesabu siku madhara yalipojitokeza, wala si siku ya upasuaji, na ana hoja. Sheria ya Ukomo, inayoweka muda wa kufungua madai, pia inasema muda hauanzi kukimbia pale ambapo mdaiwa ameficha ukweli kwa hila, mpaka siku hila ilipogundulika au ingepaswa kugundulika. Upo hata mlango mwembamba wa kumwomba Waziri anayehusika na sheria aongeze muda kwa nusu yake. Lakini hivyo vyote ni vya mtu aliyekwisha kuchelewa. Nyinyi bado hamjachelewa, kwa hiyo hesabuni kwa ukali: mmebakiwa na miezi minane kuanzia leo, na si siku zaidi.

Hukuniambia hospitali ile ni ya serikali au ya binafsi, na jibu lake linabadilisha hesabu yote. Ikiwa ni ya binafsi au ya dini, mnaweza kufungua shauri bila notisi ya kisheria, ingawa barua ya madai kwanza ni busara. Ikiwa ni ya umma, ikiwamo taasisi iliyoundwa kwa sheria, ni lazima mtoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, kwa mhusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri, na shauri lenyewe lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukimsahau, kesi inaharibika yote, hata iwe nzuri namna gani. Kwa hiyo katika miezi minane yenu, mitatu tayari ni ya notisi. Wapo watakaokwambia siku za notisi hazihesabiwi kwenye ukomo. Usiitegemee kauli hiyo. Ipeleke notisi mapema tusiwe na haja ya kubishana.

Na Mahakama Kuu ipi? Najua unaitazama ile ya Mtwara kwa sababu nauli ya Dar es Salaam inauma. Lakini kosa likidaiwa kutendeka Dar es Salaam na mdaiwa akiwa huko, shauri linakwenda huko. Ya Mtwara ingewafaa kama upasuaji ungefanyika Mtwara au Lindi. Afadhali siku hizi nyaraka zinafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na baadhi ya vikao husikilizwa kwa video, kwa hiyo hamtapanda basi kila tarehe inapotajwa. Siku ya mama kutoa ushahidi, mpangeni mapema.

Kwa hospitali binafsi, madai yasiyozidi shilingi milioni 200 yanaweza kuanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Kinachohesabiwa hapo ni madhara mahsusi, yaani yale yenye namba na risiti, na siyo fidia ya jumla ya maumivu na usumbufu ambayo hakimu huikadiria mwenyewe. Kwa madhara mahsusi mahakama zetu hazina huruma: lazima yatajwe moja moja na kila moja lithibitishwe. Tiketi za basi, eksirei, magongo, dawa, gharama ya upasuaji wa pili. Na kipato. Watu husema "mama hafanyi kazi, ni mkulima tu", kisha wanaacha pesa mezani. Mama yako ana mauzo ya korosho kwenye chama cha msingi. Chukueni kumbukumbu za kilo alizopeleka misimu kabla ya kuumia, msimu alioweza kurudi shambani, na msimu huu. Karatasi hizo zina uzito kuliko maneno ya mashahidi kumi wa kijijini.

Sasa faili. Wewe si mgonjwa, na hospitali ina haki ya kukunyima faili la mtu mwingine hata kama ni mama yako mzazi. Mama aandike barua, au aandikiwe aweke dole gumba mbele ya wakili au kamishna wa viapo, akikupa wewe idhini kwa jina. Barua iombe vitu kwa majina yake: ripoti ya upasuaji pamoja na stika za vipande vyote, fomu ya ridhaa, picha za eksirei za kabla na baada ya upasuaji, na mchanganuo wa malipo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake, itajeni kwenye barua kwa upole. Na upole huo uwe wa kweli. Usiingie masijala ukisema unakwenda mahakamani. Sema mama anapasuliwa tena na daktari mpya anahitaji kujua ukubwa na aina ya vipande vilivyomo. Huo ni ukweli mtupu, kwani asipojua anaweza kukosa kichwa kinacholingana na shina lililobaki, na ndiyo sababu ambayo hakuna mtunza faili atakayeikataa.

Wakikuonesha fomu ya ridhaa yenye dole la mama na kukwambia alikubali hatari zote, usikate tamaa. Aliridhia hatari za kawaida za upasuaji alizoelezwa. Hakuridhia kuwekewa kitu kibovu.

Namba ya toleo ikipatikana, toeni taarifa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara, wala hamhitaji wakili. Chuma hiki kisheria ni kifaa tiba. Mamlaka ndiyo inayojua kama kimesajiliwa, nani aliyekiingiza, na kama kuna tangazo la kukirudisha, nayo ina nguvu ya kukiondoa sokoni. Haitawalipa fidia, hiyo si kazi yake. Lakini uchunguzi wake ukibaini tatizo, mtakuwa na shahidi ambaye hakuna mdaiwa anayeweza kusema mmemnunua. Jina la mwagizaji ni la thamani kubwa pia: Exactech niliyokutajia iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Oktoba 2024, na mtu wa Tandahimba akipanga foleni ya wadai Marekani sioni atarudi na nini. Mwagizaji yupo hapa hapa, ana ofisi na ana akaunti benki.

Kama ripoti ya daktari itaelekeza kidole kwenye pembe, malalamiko juu ya daktari huenda Baraza la Madaktari Tanganyika. Nalo haligawi fidia. Linaweza kumwadhibu daktari, hata kumfutia usajili. Ningelisubirisha mpaka sababu ijulikane, kwa sababu ukimlaumu daktari kumbe kosa ni la mfuko wa plastiki, umemgeuza adui mtu ambaye angekuwa shahidi wako mkubwa.

Nimeacha makusudi jambo moja la upasuaji wa pili. Usicheleweshwe kwa ajili ya kesi. Mwili wa mama kwanza, na kadiri kikombe kinavyocheza ndivyo kinavyokula mfupa. Lakini kabla hajaingia, mpeni daktari barua ya mama inayosema vipande vitakavyotolewa ni vyake na anavitaka vyote. Bila barua hiyo vitaishia kwenye taka za hospitali jioni ile ile, na ushahidi wa kiwanda utakuwa umechomwa. Vipigwe picha vikiwa bado mezani, visafishwe kwa namna daktari atakavyoshauri bila kusuguliwa wala kuchemshwa kwa ajili ya kupendezesha, viwekwe kwenye chombo kilichofungwa, kiandikwe jina na tarehe, na kila anayekipokea asaini. Msikipeleke nyumbani kuonesha majirani. Na kama mwakilishi wa kampuni atajitokeza kwa wema akisema atavichukua kwenda kuvipima, mwambieni avipime mbele ya mtaalamu wenu. Akivichukua peke yake hamtaviona tena.

Kuhusu fedha za wakili, nikuambie bila kuzunguka: kesi hii ikisikilizwa mpaka mwisho ni ghali, kwa sababu ya mtaalamu wa kuthibitisha, na ukishindwa mahakama kwa kawaida hukuagiza ulipe gharama za aliyeshinda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu asiye na uwezo kuomba wakili bila malipo, na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka wilayani. Anzeni na ofisi ya maendeleo ya jamii Tandahimba mwelekezwe kwao. Mkipata wagonjwa wengine wenye toleo lile lile, mahakama inaweza kuruhusu wachache washtaki kwa niaba ya wote, na gharama zikagawanyika.

Ila kesi nyingi za namna hii ambazo mimi nimeziona haziishii kwenye hukumu. Zinaishia kwenye meza ya usuluhishi, hospitali au mwagizaji akikubali kulipia upasuaji wa pili na chuma kipya, pamoja na kiasi fulani cha usumbufu. Kwa mama wa miaka 63 anayetaka kurudi kwenye mikorosho yake, hilo si jambo dogo, na mimi ningelipokea kuliko kungoja miaka mitano. Sharti langu ni moja. Watakapowaletea karatasi ya makubaliano, mama asiweke dole kabla wakili hajaisoma, kwa kuwa ndani yake kutakuwa na mstari unaosema hana tena dai lolote kwa yeyote. Mstari huo tunaweza kuukubali, ila uandikwe baada ya upasuaji wa pili kufanyika na mguu kukanyaga chini. Usiwekwe kabla ya hapo.

Wiki hii andikeni barua ya idhini. Stika zikipatikana, zipige picha kabla hata ya kutoka masijala, halafu njoo nazo ofisini tuhesabu siku pamoja.